Sahani na Pete za Barafu: Jambo Moja au Mawili?

Kiswahili hakikukulia penye maji yagandayo. Neno barafu asili yake ni Kiajemi, na theluji ni Kiarabu. Mkazi wa kawaida wa Mombasa au Kisumu huijua barafu ya friji tu. Kwa hivyo ni rahisi mwandishi kuiita miduara yote itokeayo juu ya mito na maziwa yaliyoganda kwa jina moja, ilhali ni mambo mawili. Makala haya yanapendekeza istilahi mbili: sahani ya barafu na pete ya barafu. Tofauti hiyo si ya maneno matupu, kwani moja kati ya hizo mbili yaweza kumzamisha mtu.

Sahani hutokea mtoni. Mnamo Januari 2019, katika mji wa Westbrook, jimbo la Maine nchini Marekani, sahani yenye kipenyo cha mita 90 hivi ilionekana ikizunguka polepole katika mto Presumpscot, na bata wakatua juu yake kama abiria. Wako waliodai kuwa ni kazi ya viumbe kutoka anga za mbali. Maelezo yake ni mepesi zaidi. Pale ambapo mkondo wa mto hujizungusha, pande la barafu huzunguka nao; kingo zake husuguana na barafu ya kando hadi pembe zote zikalika na umbo likawa duara.

Aidha, watafiti wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2016 kwamba hata kisahani kidogo kieleacho katika maji yaliyotulia huzunguka kinapoyeyuka. Maji huwa mazito zaidi yafikiapo nyuzi 4 za Selsiasi. Barafu huyapoza maji yaliyo chini yake, nayo yakizama hujisokota na kuivuta barafu.

Pete ni habari nyingine kabisa. Katika ziwa Baikal huko Siberia, Urusi, lenye kina cha zaidi ya mita 1,600, hutokea pete nyeusi zenye kipenyo cha kilomita 5 hadi 7. Hazizunguki. Kwa ukubwa wake, aliye juu ya barafu hazitambui. Wanaanga walizipiga picha mwezi wa Aprili 2009, na setilaiti huzionyesha wazi. Wengine walidhani ni gesi ya methani ipandayo kutoka chini ya ziwa. Hata hivyo, mwaka 2016 na 2017 wanasayansi, akiwemo Alexei Kouraev wa Toulouse, Ufaransa, walitoboa barafu na kuteremsha vipimajoto. Walikuta chini yake maji yazungukayo, yenye joto kuliko maji ya kando kwa nyuzi 1 au 2. Mwendo wa maji hayo ni mdogo katikati na mkali ukingoni. Basi barafu ya katikati hubaki nene, na ile ya ukingoni huliwa kutoka chini.

Hapa ndipo neno sahani lisipofaa, kwa kuwa hatari imo katika mzingo. Wakati wa baridi watu huendesha magari juu ya Baikal. Dereva aliyevuka salama barafu nene huenda akaufikia ukanda mwembamba bila kuona dalili yoyote mbele yake, na msaada pekee alio nao ni picha iliyopigwa kutoka angani kabla hajaondoka ufukweni.