SOMO LETU: KIOO CHA KUGUSA KINATAMBUAJE MKONO?



Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 makarani walitumia vishikwambi, na baadaye vifaa hivyo wakapewa walimu. Kazi kama kuandikisha wakulima nazo zaweza kufanyika kwenye kioo. Basi ni vema tuelewe kwa nini kioo humkubali huyu na kumkataa yule.

Kioo hiki hakipimi uzito wa kidole. Ndani yake mna nyaya nyembamba zisizoonekana, zilizopishana kama wavu na kubeba chaji ndogo ya umeme. Mwili wetu hupitisha umeme, hivyo kidole kikigusa, chaji ya mahali pale hubadilika. Kifaa hupima badiliko hilo mara nyingi kwa kila sekunde.

Kisha programu endeshi, yaani draiva, pamoja na mfumo wa simu, huamua mguso huo ni wa aina gani. Huangalia mambo manne:

1. Ukubwa na umbo. Ncha ya kidole huacha alama ndogo ya mviringo. Kiganja huacha alama pana, nayo hupuuzwa.
2. Nguvu ya badiliko. Likiwa chini ya kiwango kilichowekwa, huhesabiwa kuwa si mguso.
3. Muda. Kugusa na kuachia ni kuchagua. Kushikilia kwa takriban nusu sekunde ni amri nyingine.
4. Mwendo. Alama ikihama, ni kuburuta. Kila kidole hupewa namba yake ili viwili visichanganywe.

Tatizo liko hapa. Mama aliyeshika jembe miaka mingi ana ngozi nene na kavu, hasa kiangazi cha Isimani. Badiliko lake laweza kuwa dogo mno, na kioo kikamwona kama hayupo. Kule Rungwe, tone la mvua laweza kudhaniwa kidole na kujaza jibu ambalo hakuna aliyelitoa. Mama huyo si mjinga. Kiwango kilichowekwa hakikuufikiria mkono wake.

Tufanye nini?

- Tukaushe kioo kabla ya kuandikisha, na tukae mahali pasiponyesha.
- Mwenye mkono mkavu anawe, ajifute, kisha aguse kwa tumbo la kidole, si kwa ukucha.
- Karani akimbonyezea mtu, kwanza asome swali kwa sauti na kusubiri jibu lake.
- Kabla ya kutuma, majibu yote yasomwe tena mbele ya mhusika. Jibu moja lililokosewa laweza kumkosesha mbegu msimu mzima.

Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wetu, ni nani hubonyezewa na wengine, na je, husomewa kilichoandikwa?
2. Mtu akikataliwa na kioo, tunayo daftari la kumwandika siku hiyo hiyo?