SOMO LA AFYA: Mguu Unauma, Kumbe Ugonjwa Uko Mgongoni

Wakati wa mavuno jirani yetu mmoja alinyanyua gunia la mahindi alipakie kwenye baiskeli. Akasikia kitu kimemkata kiunoni. Siku hiyo alijikaza akamaliza kazi. Kesho yake asubuhi maumivu yalikuwa yameshuka. Yalianzia takoni, yakapita nyuma ya paja, yakafika mpaka unyayoni, yanachoma kama moto. Akikohoa yanazidi. Akipiga chafya, ndiyo kabisa! Kidole gumba cha mguu kikafa ganzi.

Wa kushauri hawakukosekana. Huyu alisema baridi yabisi, yule akasema eti amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Akachanjwa chale za goti, akatoa mbuzi. Halafu akalala kitandani wiki sita kungoja apone, na pamba yake ikabaki shambani. Tunayasimulia haya kwa sababu na sisi tulikuwa miongoni mwa waliomwambia alale. Tulikosea.

Tuanze na mgongo wenyewe. Uti wa mgongo ni pingili za mfupa zilizopangwa moja juu ya nyingine, kama pingili za muwa. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini. Nje ni kigumu kama mpira, ndani kina ute mzito. Kazi yake ni kuzuia mifupa isigongane tunapotembea na kubeba mizigo. Ndani ya uti huo imepita mishipa ya fahamu. Hii siyo mishipa ya damu. Hii inapeleka amri kutoka kwenye ubongo mpaka kwenye misuli, na inarudisha habari za maumivu, joto na baridi.

Mizizi kadhaa ya mishipa hii inatokea chini ya kiuno, inaungana na kuwa mshipa mmoja mkubwa. Mshipa huo unapita ndani ya tako na nyuma ya paja, halafu unagawanyika kwenda mpaka vidoleni. Katika mishipa yote ya fahamu mwilini, huu ndio mnene kuliko yote, karibu sawa na unene wa kidole. Waganga wa hospitali wanauita siatiki.

Sasa, kisahani kikipasuka, ute unatoka na kuubana mzizi wa mshipa huo. Mzizi unabanwa kiunoni, lakini maumivu yanasikika mguuni. Ajabu? Hapana. Nani kati yetu hajawahi kujigonga kiwiko, ganzi ikaenda mpaka kidole cha mwisho cha mkono? Kidole hakikuguswa hata kidogo. Basi ni vivyo hivyo. Kumchanja mtu huyu chale gotini ni sawa na kupaka dawa kidoleni wakati kilichogongwa ni kiwiko. Wala tusiwacheke wazee wetu. Ni mwaka 1934 tu ndipo madaktari wawili wa Boston, Marekani, Mixter na Barr, walipoandika wazi kwamba ute wa kisahani ndio unaoleta maumivu haya kwa wagonjwa wengi.

Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Mgonjwa alale chali. Mwenzake aunyanyue polepole mguu unaouma, ukiwa umenyooka. Ikiwa haujafika mbali na maumivu yameshuka mpaka chini ya goti, mshipa huo unashukiwa. Tena mwambie atembee kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Akishindwa kwa mguu mmoja, misuli imeanza kukosa nguvu, aende hospitali. Usikimbilie kuuza mbuzi upate fedha za eksirei. Picha ile inaonyesha mifupa. Mshipa hauonekani, wala ute hauonekani.

Na kulala je? Mwaka 1999 madaktari wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 183. Kundi moja liliambiwa lilale wiki mbili, kundi la pili liliendelea na shughuli kadiri lilivyoweza. Baada ya wiki 12, katika kila kundi watu 87 kwa kila 100 walikuwa na nafuu. Kulala hakukusaidia kitu. Mwili wenyewe huula ute ule polepole, ukautoa. Kwa hiyo siku mbili tatu za kujinyoosha siyo vibaya, lakini baada ya hapo inuka, tembea kidogo kidogo, ongeza kila siku. Usiku lala ubavu, weka kitenge kilichokunjwa kati ya magoti.

Vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki vinaweza kupunguza maumivu kidogo, lakini havifukuzi ugonjwa. Vinywe baada ya kula, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mama mjamzito wasivinywe bila kuulizia zahanati. Sindano za takoni za kupigwa vichochoroni tuziepuke kabisa. Mshipa wenyewe umepita humo takoni! Wako watoto waliolemaa mguu kwa sindano iliyochomwa mahali pasipo pake.

Lakini sikilizeni hapa vizuri. Mtu mwenye maumivu haya akishindwa kukojoa, au mkojo au choo kikimtoka bila kujua, au akifa ganzi sehemu za siri na mahali pa kukalia, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Huyo anahitaji kupasuliwa upesi. Siku zikipita, ulemavu unaweza kubaki maisha yake yote. Na mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda apimwe kifua kikuu, maana kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo.

Jirani yetu alipofika zahanati, mganga alimpima hivyo tulivyoeleza, akamwambia aanze kutembea. Alianza kwa kwenda kisimani na kurudi, mikono mitupu. Mwezi wa tatu alishika jembe. Kidole gumba bado kina ganzi kidogo. Gunia siku hizi hanyanyui peke yake, na amelitia jembe lake mpini mrefu.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini mguu unauma wakati kilichobanwa kiko kiunoni?

2. Mmoja wenu achukue ndoo ya maji. Kwanza aoneshe tunavyoinama tukinyanyua. Halafu achuchumae, aisogeze ndoo karibu na kifua, ainuke kwa nguvu za miguu. Mgongo unasikiaje?

3. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Nyumbani kwenu nani anaibeba, na mara ngapi kwa siku?