Video Inapokwama Kwenye Kompyuta

Hapa Umoja, Kayole na Dandora vijana wengi huombwa kuhariri video za harusi na mazishi. Mazishi hayarudiwi ili yapigwe picha upya, kwa hivyo tujue haya.

Kwanza, picha ikirukaruka ndani ya programu, usidhani imeharibika. Video za simu hubanwa sana zisijaze nafasi, na kompyuta kuukuu hulemewa kuzifungua. Tengeneza nakala nyepesi, uhariri hiyo. Mwishoni programu itatumia video yenyewe. Kdenlive, ambayo ni ya bure, inaweza kazi hii.

Pili, sauti ikiachana na midomo, mara nyingi chanzo ni simu: idadi ya picha kwa sekunde hupanda na kushuka. Geuza video kwanza iwe na idadi moja, kama 25 au 30. HandBrake hufanya hivyo.

Tatu, programu ikijizima ghafla, angalia kama diski imejaa. Tena hifadhi kazi kila baada ya dakika chache, manake stima ikipotea haipigi hodi.

Mwisho, usifute video ya kwanza hata kazi ikiisha. Akiba haiozi.