Risiti Mkononi, Leseni Hewani

Saa tatu na nusu usiku wa Ijumaa, pikapu inasimama mbele ya baa mpya pale Donholm, Nairobi. Wanashuka watu wanne, mmoja tu akiwa na sare. Hawaulizi bei ya bia, wanauliza leseni. Mwenye baa anatoa simu na kufungua picha ya risiti: malipo ya leseni ya pombe, tarehe, namba, kiasi. Mwanamume mwenye jaketi anaitazama kidogo, kisha anamrudishia simu. "Madam, hii ni risiti. Leseni iko wapi?" Nusu saa baadaye, kreti kumi na mbili za bia, spika mbili na mhudumu mmoja wamo ndani ya pikapu, na mtu wa jaketi anauliza swali lake la pili: "Tunaelewana ama tunaenda?"

Kisa hiki ni cha wengi, ndiyo maana hakihitaji jina. Anayekisimulia anaweza kuwa wa Savannah, wa Greenfield au wa Phase 8. Mkopo wa sacco umeshamezwa na kaunta, friji na kilemba cha kumwondoa mpangaji wa awali. Kuna "mtu wa City Hall" aliyepokea pesa za kufuatilia karatasi na kuahidi kwamba mambo yako sawa. Kinachouma zaidi ni kwamba mtu wa jaketi, kwa swali lake la kwanza, alikuwa na haki. Kwa la pili alikuwa mwizi.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka utoaji wa leseni za pombe na burudani ya umma mikononi mwa kaunti. Nairobi ikatunga sheria yake mwaka 2014. Mama wa sheria hizi zote ni ile ya kitaifa ya kudhibiti vileo ya 2010, ambayo Wakenya waliipa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha aliyeisukuma. Kwa mpango wa sheria hiyo, leseni haitolewi na keshia wala na tovuti. Huamuliwa na kamati ya mashinani yenye maafisa na wakazi, inayotangaza majina ya waombaji na mahali wanapotaka kuuzia, ikapokea pingamizi na kukaa kuamua. Malipo ni hatua tu katika safari hiyo. Mtambo wa malipo hupokea pesa za yeyote. Haujui kama jengo liko ukuta kwa ukuta na shule ya chekechea.

Hapo ndipo broka, yule "mtu wa City Hall", anapotegea. Anamwonyesha mteja ujumbe wa malipo na kumwambia afungue, leseni "itatoka wiki ijayo". Kwa mwombaji mpya, risiti hiyo haimlindi hata kidogo. Kuuza pombe kabla ya leseni kutoka ni kosa, na anayeshtakiwa ni mwenye baa. Broka hatajwi popote.

Lakini karatasi hiyohiyo hugeuka ngao mikononi mwa mtu mwingine, na hili wenye baa wengi hawalijui. Sheria ya 2010 inasema kwamba aliyekwisha kuomba kuhuisha leseni yake, kisha siku ya leseni kuisha ikafika kamati ikiwa bado haijaamua, leseni ya zamani huendelea kuwa hai mpaka uamuzi utolewe. Leseni hudumu miezi 12, na kamati hazikimbii. Kila mwaka kuna watu wanaobebewa vinywaji kwa kosa la "leseni imeisha", ilhali ombi la kuhuisha limelala ofisini kwa miezi. Mwenye baa wa namna hiyo anapaswa kuwa na vitu vitatu ukutani, mahali panapoonekana: leseni iliyoisha, nakala ya ombi yenye muhuri wa siku lilipopokelewa, na risiti. Muhuri ndio wenye nguvu. Ombi lililotumwa mtandaoni lichapishwe pamoja na ukurasa unaoonyesha tarehe.

Na ile leseni nyingine, kibali kimoja cha biashara ambacho Nairobi ilianza kukitoa mwaka 2023 kwa kuunganisha vibali vya biashara, moto na afya, hairuhusu pombe. Watu wengi wamekitundika wakidhani kazi imekwisha.

Sasa tuje kwenye namba zinazowanasa watu, kwa maana hapa tatizo si broka peke yake, ni sheria yenyewe.

Ya kwanza ni mita 300. Baa haitakiwi kuwa ndani ya umbali huo kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya sekondari au taasisi yoyote ya wanafunzi walio chini ya miaka 18. Nia ni njema, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe avuke meza za walevi akielekea darasani. Lakini chora duara la mita 300 kuzunguka shule moja tu: linafunika karibu ekari 70. Donholm ni mtaa wa akademia zilizofunguliwa ndani ya nyumba za kuishi, zenye lango la rangi na ukuta uliochorwa vikatuni. Maduara hayo yakipandana, ardhi inayobaki ya kuuzia bia kihalali ni kidogo mno. Hata hivyo baa zipo, nyingine zina leseni safi kabisa. Basi namba hiyo haifukuzi baa karibu na watoto. Kazi yake ya kila siku imekuwa kumpa ofisa kamba ya kuvuta apendapo.

Ya pili ni saa. Katika sheria ya 2010, baa ya kawaida hufunguliwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Yeyote aliyepita barabara za Eastlands saa saba mchana anajua hali ilivyo. Hapa mtego hutegwa kwa aina ya leseni. Zipo za baa, za hoteli, za mkahawa, za kilabu cha usiku, za duka la pombe ya kubeba, na kila moja ina saa na masharti yake. Broka humpatia mteja ile iliyo nyepesi kutoka, kwa mfano ya mkahawa, ambayo huambatanisha kinywaji na chakula. Kisha msako unaikuta sahani haipo na jiko halijawahi kuwashwa.

Ya tatu ni desibeli 35. Kanuni za kelele za 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinaweka kiwango hicho kuwa mwisho wa sauti usiku, kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika kama 60. Kiwango hicho cha usiku ni kilekile kwa eneo la makazi na eneo la biashara. Maana yake, baa yoyote yenye wateja wanaoongea imevunja kanuni kabla DJ hajachomeka waya. Mama aliye ghorofa ya pili, ambaye mtoto wake hajalala tangu Alhamisi kwa sababu ya spika iliyoelekezwa dirishani mwake, anastahili sheria inayotekelezeka. Namba isiyoweza kufuatwa na mtu yeyote haimsaidii. Akipiga simu, kinachofuata mara nyingi ni gari kufika, mazungumzo mafupi nyuma ya kaunta, muziki kushushwa dakika kumi, kisha kupandishwa tena.

Jirani huyo ana njia bora, na wakati wake ni kabla ya leseni kutolewa. Mtu yeyote anaweza kuwasilisha pingamizi kwa maandishi mbele ya kamati, akieleza sababu zake, na mwombaji ana haki ya kuziona na kuzijibu. Wakazi wa eneo moja wakiandika barua kumi zenye picha na tarehe, kamati haiwezi kusema haikujua. Leseni ikishatoka, bado lipo swali la jengo. Nyumba iliyoidhinishwa kuwa makazi haigeuki baa kwa kubadilisha rangi ya lango. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kubadili matumizi, na asiyeridhika hupeleka malalamiko kwenye kamati ya rufaa ya mipango ya kaunti. Mwenye mtaji naye aanzie hapohapo. Kabla ya kulipa kilemba, amwombe mwenye jengo kibali cha matumizi, kisha atembee kwa miguu akihesabu shule. Wenye majengo wanaojua kwamba mahali pao hapawezi kupata leseni, na bado wakapokea amana ya miezi mitatu, ni wezi walewale wa jaketi, ila hawana pikapu.

Turudi kwenye Ijumaa. Siku hiyo haichaguliwi ovyo. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiishia siku isiyo ya korti, husogea hadi siku ya korti inayofuata. Anayekamatwa Ijumaa usiku anaweza kukaa seli hadi Jumatatu, na hofu ya siku hizo ndiyo bidhaa inayouzwa pale mlangoni. Kifungu hichohicho kina dawa. Kinampa mtu haki ya kuelezwa mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa, na haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri akisubiri mashtaka, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kumzuilia. Kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimweki mtu rumande. Dhamana ya maandishi ya polisi hailipiwi. Ile ya pesa taslimu hupewa risiti na hurudishwa kesi ikiisha. Mhudumu aliyebebwa na pikapu alistahili kuyajua haya kuliko hata bosi wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyelala sakafuni.

Kuhusu mali, wenye baa waanze kuhesabu kwa sauti. Kila kreti inayotoka iandikwe, kila spika na namba yake, na anayeichukua aandike jina lake, namba ya kazi na ofisi anayotoka. Akikataa, apigwe picha pamoja na namba ya gari. Bila hesabu hiyo, kreti kumi na mbili zinaweza kuondoka na saba tu zikafika kwenye chumba cha vielelezo.

Na swali la pili la mtu wa jaketi? Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa. Hakuna "ada ya kuelewana". Sheria ya Hongo ya 2016 humshika anayepokea na anayetoa, kwa hiyo anayelipa ili amalize usiku salama anajifunga kamba mwenyewe. Ijumaa ijayo pikapu itarudi, sasa ikijua mlango ulivyo laini. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi hupokea taarifa kabla pesa hazijatoka, na huo ndio wakati wa kuipigia.

Kwenye burudani, utata ni wa namna nyingine. Anayepiga muziki wa kurekodiwa mbele ya wateja hulipa mirabaha kupitia mashirika ya wasanii na watayarishaji, ambayo nayo hupata leseni kutoka Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO). Leseni hizo huja na kuondoka. Mwaka 2021 KECOBO iliyafutia leseni mashirika yote matatu yaliyokuwapo. Kwa hiyo anayekuja kudai aonyeshe leseni ya shirika lake ya mwaka huo, na pesa ziende kwenye akaunti ya shirika, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu.

Juu ya yote haya huja matamko. Mwishoni mwa 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kufutwa kwa leseni za vilabu vya usiku katika makazi. Machi 2024, baada ya pombe yenye sumu kuua watu Kirinyaga, Kithure Kindiki, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, alitoa maagizo zaidi ya ishirini yaliyogusa pia baa za makazi na zilizo karibu na shule. Mwaka 2025 sera mpya ya taifa ikapendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21. Kila tamko huleta msimu wa pikapu. Lakini leseni iliyotolewa kihalali haifi kwenye mkutano wa wanahabari. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Haki katika Utawala ya 2015 humpa mwenye leseni taarifa, nafasi ya kusikilizwa, na sababu kwa maandishi. Ofisi ikinyamaza, barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 huipa siku 21 za kujibu, na ikizidi kunyamaza, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko bila malipo.

Kaunti yenyewe inazijua shule zilipo, kwa maana huzikagua na kuzitoza ada. Inayajua majengo yaliyoidhinishwa kwa biashara, kwa kuwa michoro iko kwenye faili zake. Inaweza kuchora ramani moja ya wadi ya Upper Savannah, ilimo Donholm, inayoonyesha wapi baa inaruhusiwa na wapi hairuhusiwi, ikaitundika kwa chifu na kwenye Huduma Centre ya Makadara, na kufunga mtambo wa malipo usipokee hata shilingi ya mwombaji ambaye plot yake imo ndani ya duara la shule. Mwenye mkopo wa sacco angeisoma kabla ya kulipa kilemba, na mama wa ghorofa ya pili angeisoma kabla ya kukodi nyumba.