Rangi ya Bluu Ndani ya Utumbo

Mwezi huu tunazungumzia ugonjwa ambao wengi huona haya kuutaja: uvimbe wa kudumu wa utumbo mpana. Mgonjwa huharisha kwa majuma au miezi, choo huwa na damu na kamasi, tumbo humsokota, naye hukonda. Kwetu, choo chenye damu mara nyingi huletwa na amiba, vijidudu vya kuhara damu au kichocho, hivyo hayo hupimwa kwanza. Lakini mgonjwa akitibiwa na damu ikarudi tena na tena, hapana budi utumbo wenyewe uangaliwe.

Kipimo chenyewe

Kipimo hicho huitwa kolonoskopi. Daktari hupitisha mpira mrefu mwembamba, wenye taa na kamera, katika njia ya haja kubwa, na kuutazama utumbo mpana kwenye kioo cha televisheni. Mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza. Vipande vya nyama, vidogo kuliko punje ya mchele, hukatwa ili vipimwe kwa darubini. Kukatwa huko hakuumi.

Rangi ni ya nini?

Sehemu iliyoanza kuharibika huenda ikawa bapa, isitofautiane na jirani yake. Hapo daktari hunyunyiza rangi ya bluu iliyochanganywa na maji. Rangi iitwayo indigokamini hutuama katika vijifereji vya utumbo, kama maji ya mvua yanavyoonyesha mashimo ya uwanja tuliodhani ni tambarare. Nyingine, bluu ya methilini, hunyonywa na sehemu zenye afya; zilizovimba au kubadilika hunyonya kidogo, au bila mpangilio.

Mwaka 2003 madaktari wa Mainz, Ujerumani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 165 waliougua vidonda vya utumbo mpana kwa muda mrefu. Katika kundi lililonyunyiziwa bluu ya methilini yalionekana mabadiliko 32 yanayoweza kuelekea saratani. Katika kundi lisilonyunyiziwa, 10 tu. Tena, ukali wa uvimbe na mahali ulipofikia vilijulikana kwa usahihi zaidi. Siku hizi zipo pia mashine zenye picha safi sana, ambazo hubadili mwanga badala ya kutumia rangi.

Mbona niitwe nikiwa mzima?

Swali hili ni la haki. Uvimbe uliokaa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Kwa hiyo hushauriwa uchunguzi uanze kama miaka 8 tangu dalili za kwanza. Wachache wenye ugonjwa fulani wa mirija ya nyongo huanza mapema zaidi. Tena hufanywa wakati ugonjwa umetulia, kwa sababu uvimbe mkali huvuruga picha. Basi anayesema, "Sasa nimepona, siendi," anaukataa wakati ule ule unaofaa.

Jinsi ya kujiandaa

1. Kunywa dawa yote ya kusafisha tumbo, hata kama ladha yake haipendezi. Utumbo ukiwa mchafu, rangi haionyeshi kitu.

2. Siku moja kabla, tumia vinywaji vyepesi tu kama ulivyoelekezwa. Usinywe juisi nyekundu kama ya rozela. Ndani itafanana na damu.

3. Mweleze daktari dawa zako zote: za kuongeza damu, za kuzuia damu kuganda, za kisukari na za sonona. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Mama mjamzito aseme pia.

4. Fika na ndugu wa kukusindikiza, kwani dawa ya kutuliza huacha usingizi.

Baada ya kipimo, choo au mkojo unaweza kuwa wa bluu au kijani kwa siku moja au mbili. Msiogope, ni ile rangi inatoka. Lakini mkiona damu nyingi, homa au maumivu makali ya tumbo, rudini hospitali upesi.

Wazazi, ugonjwa huu mara nyingi huanza ujanani. Kijana anayekimbilia chooni kila mara asichekwe wala asiitwe mvivu. Muulizeni kwa upole, faraghani, kama anaona damu. Akikubali, mleteni hospitali mapema.