Msalaba, Kurani na mwanahistoria asiyeamini

Tukizungumza na ndugu zetu Waislamu, swali la msalaba halikawii kufika. Injili zote nne zasimulia kwamba Yesu alisulubiwa akafa. Kurani, sura ya 4 aya ya 157, inakana kwamba aliuawa au kusulubiwa, na kueleza kwamba waliodai hivyo ilionekana kwao tu. Siku hizi wengi wetu hukimbilia shahidi wa tatu: mwanahistoria asiyefuata dini yoyote.

Ni kweli, katika hoja hii karibu wanahistoria wote wanakubali kwamba Yesu alisulubiwa. Tacitus, Mrumi mpagani aliyewadharau Wakristo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Ponsio Pilato, wakati wa Kaisari Tiberius. Kurani ilikuja karne ya 7. Anayepima mashahidi kwa ukaribu wao na tukio hapati shida kuamua.

Lakini shahidi huyo hatumwiti kwa swali moja tu. Kipimo hichohicho hukigeuzia Injili zetu. Marko 15:25 yasema walimsulubisha saa tatu. Katika Yohana 19:14, yapata saa sita, Pilato bado anamwonyesha kwa watu. (Kwa Kiswahili hatuna haja hata ya kugeuza saa.) Kuhusu ufufuko, atasema wanafunzi waliamini kwamba wamemwona, kisha atanyamaza. Muislamu aliyesoma anayajua haya yote.

Kanisa halikuyakwepa. Dei Verbum ya mwaka 1965, namba 19, inathibitisha bila kusita kwamba Injili ni za kihistoria, na papo hapo inafundisha kwamba Wainjili walichagua baadhi ya mambo, wakafupisha mengine, wakizingatia hali ya makanisa yao. Wataalamu wengi huona kwamba Yohana anaikaribisha hukumu ya Yesu na saa ya kuchinja wanakondoo wa Pasaka. Tofauti ya saa haifuti kifo.

Kwa Muislamu, Kurani ni neno lililoteremshwa na Mungu, si ushuhuda wa mtu aliyekuwapo, Tacitus hamtikisi. Hapo mjadala si wa tarehe tena, ni wa ufunuo: Mungu amesemaje na wanadamu? Anayeshinda mhadhara kwa Tacitus hajaligusa swali hilo.

Kabla ya kipindi kijacho, tusome Marko 15 na Yohana 18 na 19 sambamba, kalamu mkononi, tukiandika kila saa na siku inayotajwa.