Ubongo wa Wazee Wetu Bado Unaota Seli

Sisi wauguzi wengi tulifundishwa kwamba seli za ubongo zikifa hazirudi. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Madrid, Hispania, walichunguza ubongo wa marehemu 13 wasiokuwa na ugonjwa wa ubongo, wenye umri wa miaka 43 hadi 87. Kwenye hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu mpya, walikuta maelfu ya seli changa. Kwa waliougua Alzheimer zilikuwa chache zaidi, hata pale ugonjwa ulipokuwa mwanzoni. Wengine wanabisha: mwaka 2018 kundi la San Francisco halikuziona kabisa kwa watu wazima.

Sisi tusingoje wamalize kubishana. Tunamleta mama kutoka Bukavu au Kigoma, tunamwacha kutwa na televisheni ya lugha asiyoijua, tunakimbilia zamu mbili. Akiuliza jambo moja mara tano tunasema ni uzee, au (tuseme ukweli) tunanong'ona kwamba amerogwa. Mama anahitaji kutembea, kusikia vizuri, na watu wa kupiga nao soga.

Na apelekwe kwa daktari mapema. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea au sonona huweza kufanana na ugonjwa wa kusahau, na vyote vina tiba. Siku hiyo ombeni mkalimani. Mjukuu asitafsiri: mama atamficha mambo, na mjukuu naye atamsaidia kujibu.